Mbwa Namba Kumi na Saba: Kumuaga Langton Nyamukapa

Ijumaa ya tarehe 30 Septemba 2022, Langton Nyamukapa atatundika koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia maabara yetu ya mifugo hapa Rukovo kwa miaka arobaini na mmoja na miezi miwili. Thelathini na mitatu kati ya miaka hiyo nimemficha jambo. Jicho la kushoto la binti yake Shuvai halikuharibiwa na uvimbe, kama alivyoambiwa, wala halikulogwa, kama ukoo wake ulivyoamini. Liliharibiwa na mnyoo wa mbwa. Nilikuwa na barua inayosema hivyo, nikanyamaza.

Kamati ya sherehe iliniomba kurasa mbili tatu za wasifu kwa kuwa mimi ndiye niliyemwajiri, na wenzetu wa siku zile wote wamekwisha kufa. Walitaka, kwa maneno yao, kitu cha kuwachangamsha watu kabla ya chakula. Yapo ya kuchangamsha katika maisha ya mtu huyu na nitayasema. Lakini nina miaka themanini na minne, figo zangu zimegoma, na daktari anayenitibu haniahidi tena Krismasi. Namwomba mhariri asipunguze kitu.

Langton alikuja Julai 1981 kuomba kazi ya kuosha chupa. Alikuwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima vilivyombana, akawa anatembea kama bata. Nilimuuliza kwa nini anataka kufanya kazi na damu. Akanijibu, "Mimi sitaki kufanya kazi na damu, Daktari. Nataka kufanya kazi. Damu tutazoeana."

Walizoeana. Mwaka wa kwanza aliosha chupa. Mwaka wa pili alikuwa akiitenga damu, chembe chini na maji ya damu juu, yale maji ya rangi ya majani makavu ambayo ndani yake zimo protini tunazozipima. Mwaka wa tatu alikuwa akizitenganisha protini hizo kwa umeme. Unadondosha tone moja kwenye ukanda mwembamba, unapitisha umeme, na kila protini inatembea kwa mwendo wake hadi zinasimama mistari mistari. Kisha unazitia rangi na kusoma. Mimi nilisomea jambo hilo ng'ambo kwa miaka sita. Ilipofika 1984 nilikuwa nikimwita Langton aje atazame ukanda kabla sijautia sahihi.

Mashine inayozungusha damu aliipa jina la Mama Mkwe. Aliwaambia wanafunzi kwamba inapounguruma mwanamume mwenye adabu husimama kando, hainyooshei kidole wala haigusi mpaka itulie yenyewe. Wanafunzi waliozaliwa mjini walicheka. Waliozaliwa vijijini walicheka pia, kisha wakasimama kando kweli. Katika miaka arobaini na mmoja hakuna mwanafunzi wake hata mmoja aliyevunjwa kidole na mashine ile.

Kuna mwenye shamba mmoja aliyekuwa na mbwa mkali wa kulinda ghala. Alimtuma mfanyakazi wake amtoe mbwa damu alete kwetu. Chupa ikaja. Langton akaupitisha umeme, akautazama ukanda, akamwita yule mfanyakazi aliyekuwa akisubiri nje.

"Kaka, mbwa huyu anakula nini?"

"Ugali wa sadza na mifupa, mzee."

"Majani hali?"

Yule mtu akaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Kwa sababu huyu," Langton akasema, "nikimwita atanijibu meee."

Ilikuwa damu ya mbuzi. Yule mfanyakazi alimwogopa mbwa akaona mbuzi ni mpole zaidi. Langton hakumripoti. Alipanda baiskeli akaenda naye shambani, akamshika mbwa yeye mwenyewe, na kovu la jino lile lipo mkononi mwake hadi leo. Mwombeni awaonyeshe wakati wa chai.

Umeme ulipokuwa unakatika kila siku, mwaka 2008, alikuwa akibeba betri la lori begani kutoka gereji ili kanda zikamilike. Mishahara ilikuwa haina maana na wengi wetu tulikuwa tumekwenda kulima au kuvuka mpaka. Yeye alibaki na mkebe wake wa mahewu, kinywaji cha uji mchachu, na mahindi ya kuchemsha yaliyochanganywa na karanga. Mwanafunzi mmoja, ambaye leo ni mkuu wa maabara hii, alimuuliza anabaki kwa ajili ya nani. Alijibu, "Damu zimo kwenye friji. Nikiondoka nani atawaambia wenye mifugo?"

Nayaandika maneno hayo kama nilivyosimuliwa. Mimi ningekuwa mtu wa kuyasema, wasifu huu ungekuwa mfupi.

Mwaka 1988 nilianza utafiti ulionipa jina. Nilitaka kufuatilia jinsi protini za damu zinavyobadilika kwa mbwa mwenye minyoo tumboni, wiki hadi wiki, kwa majuma kumi na sita. Protini ni nyingi, lakini kwa leo mbili zinatosha. Albumini ndiyo inayoyashika maji yasivuje nje ya mishipa. Globulini huongezeka mwili unapopigana na adui. Minyoo ya safura hung'ata utumbo na kunyonya, damu inavuja, albumini inashuka, globulini inapanda. Albumini ikishuka mno, maji hutoka mishipani yakajaa tumboni. Huko kwetu vijijini tumbo la namna hiyo husifiwa. Watu hupita uani wakasema mbwa wa fulani ameshiba.

Nilihitaji watoto wa mbwa ishirini na wanne kutoka vijiji vya jirani, wote wenye minyoo. Kumi na wawili wangepewa dawa. Kumi na wawili wangepewa vidonge vya chaki vyenye rangi ile ile, ili tuone tofauti. Wenye mbwa waliambiwa kwamba wote wanapewa dawa. Hiyo ilikuwa kauli yangu, na nilijua kwamba ningewaambia ukweli wangekataa. Langton aliijua siri hiyo kwa kuwa alikuwa mtu wa maabara. Haikumpendeza. Alinitazama akasema, "Daktari, watu hawa wanatuamini kwa sababu ya makoti." Nikamwambia baada ya majuma kumi na sita kila mbwa atapewa dawa ya kweli, na akarudi kwenye kanda zake.

Tulikuwa tumepungukiwa mbwa mmoja. Langton alikuwa na mtoto wa mbwa nyumbani, wa miezi miwili na nusu, aliyepewa na shangazi yake Keresiya, aliyeishi nao boma moja. Shangazi huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kubwa, na alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na majirani. Kwa hiyo alimpa mbwa jina kwa desturi yetu, jina la kuwasemesha wabaya wako bila kuwasemesha. Alimwita Chamunorwa, yaani mnagombania nini. Kila jioni alisimama uani akimwita mbwa aje kula, na upande wa pili wa uzio majirani waliupata ujumbe wao.

Langton alipokuwa akimleta mbwa huyo aliniuliza, "Na wangu akiangukia chaki?"

"Nitakunong'oneza," nikasema. "Utamtibu nyumbani kimya kimya. Kwenye hesabu nitajua cha kufanya."

"Hakika?"

"Soko, umenijua miaka saba." Soko ni jina la heshima la ukoo wake; nilimwita hivyo nilipotaka jambo.

"Basi nimeingia," akasema.

Kura tuliipiga kwenye josho la ng'ombe, siku ya Alhamisi, watu wakiwa wamekusanyika; tuliwaambia ni ya kupanga zamu. Vikaratasi vilivyokunjwa vilikuwa ndani ya bakuli la bati la maua mekundu. Kila mwenye mbwa alichukua kimoja, akanipa mimi bila kukifungua. Langton alikuwa amekuja na Shuvai, aliyekuwa na miaka minne, akiwa ameng'ang'ania kamba ya mbwa. Alimwinua ili afike kwenye bakuli. Mtoto alizungusha mkono mle ndani kwa muda mrefu, kama anayetafuta ukoko mtamu chini ya sufuria, na watu wakacheka. "Chagua, mama, ng'ombe wanakungoja," mzee mmoja akasema. Akachagua. Akanipa.

Kuanzia hapo mbwa walikuwa namba. Kila Alhamisi niliandika namba mpya za siri kwenye chupa mimi mwenyewe, na daftari la kufungua siri lilikaa kwenye droo yangu. Langton alipima damu bila kujua ni ya mbwa wa nani. Katika chati namba za kudumu zilikuwa za kwangu peke yangu, isipokuwa moja ambayo yeye aliitambua kwa ukanda wake, wiki baada ya wiki, kama mtu anavyomtambua jirani kwa kikohozi. Tuliiita namba kumi na saba.

Ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nasema nzuri kwa maana ya chati. Wengine walipanda na kushuka bila mpango, lakini kumi na saba alishuka kama mtu anayeteremka ngazi. Mstari wa albumini ulifubaa kila Alhamisi. Wa globulini ulikuwa ukinenepa. Nilizibandika kanda zake zote ukutani kwa mfululizo na kuwaonyesha wageni.

Wiki ya nane Langton aliingia ofisini kwangu na ukanda mkononi, ungali na unyevu.

"Daktari, huyu kumi na saba anakwisha."

"Nimeona."

"Mwenyewe amelala? Mbwa anaoza ndani na mtu anamtazama tu?"

"Mwenyewe anaamini anapewa dawa."

"Basi tumwambie."

"Ni utafiti, Langton. Tukimtoa mmoja, hesabu inaharibika."

Alikunja ukanda, akaukunjua tena. "Utafiti ni wetu. Mbwa ni wa mtu," akasema. "Ningekuwa mimi ndiye mwenyewe, halafu nikajua, ningekuja hapa na rungu."

Nilicheka. Naye akacheka, kwa kuwa tulikuwa marafiki. Kisha akasema kwamba mbwa wake, tofauti na huyo maskini, alikuwa na tumbo kubwa kiasi cha kumtia wasiwasi. Je, ningemtazama? Mbwa alikuwa nje, kwa kuwa ilikuwa siku ya kutoa damu. Nilitoka. Shuvai alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mbwa amelala mapajani mwake, na alikuwa akimlisha mahindi kutoka kiganjani mwake, punje moja ya mbwa, punje moja yake. Niliinama nikalibonyeza lile tumbo. Maji yalitembea chini ya vidole vyangu.

"Ni sadza," nikasema. "Mwambie Mama Shuvai apunguze."

Langton alifurahi. Jioni ile, nasikia, alimtania mkewe mbele ya majirani kwamba anamlisha mbwa vizuri kuliko mume, na mkewe akamjibu, "Mbwa hanung'uniki chumvi."

Kumi na saba alikuwa Chamunorwa. Wengi mlioshika karatasi hii mmekwisha kufahamu. Sikumnong'oneza kitu Langton. Kila Alhamisi, kwa karibu majuma kumi na tano, alipima kifo cha mbwa wake mwenyewe, akimwonea huruma mtu asiyemjua.

Mbwa alikufa wiki ya kumi na tano. Langton alimzika nyuma ya banda la kuku, na Shuvai akaweka jiwe. Alinijia akiwa na aibu, kama vile yeye ndiye aliyeniharibia kazi. Nilimwambia watoto wa mbwa hufa kwa mengi.

Sasa nieleze kuhusu mnyoo, kwa kuwa wapo wazazi ukumbini. Mbwa mchanga huwa na minyoo ya safura, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiipima, na mara nyingi huwa pia na minyoo mirefu ya mviringo. Mayai ya hiyo ya pili hutoka na kinyesi, yakakaa ardhini wiki mbili au tatu ndipo yanapokuwa na nguvu ya kuambukiza. Mtoto anayecheza kwenye vumbi akala kwa mkono huo huo huyameza. Kiluwiluwi hutoka kwenye yai na kusafiri mwilini, na mara chache, mara chache sana, huingia jichoni. Dawa niliyokuwa nayo ilimaliza minyoo ya aina zote mbili. Ningempa Chamunorwa wiki ya nane, uani kwa akina Langton kusingekuwa na mayai mapya. Nilijua hivyo nilipokuwa nimeinama palepale, mkono tumboni kwa mbwa, mtoto akinitazama.

Mwezi wa Aprili 1989 Shuvai alianza kugonga miimo ya mlango kwa bega la kushoto. Mboni ikaonekana nyeupe. Hospitali ya wilaya ikampeleka mji mkuu, na kule wakaona kitu kinachofanana na uvimbe mbaya unaowapata watoto, wakalitoa jicho ili kumwokoa. Hawakukosea kwa walichokiona. Lakini walilipasua lile jicho na kulitazama kwa hadubini, na Juni nikapata barua. Iliandikwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu wa minyoo ya mbwa, na kwa kuwa baba wa mtoto alikuwa mfanyakazi wangu. Ilisema kwamba hapakuwa na uvimbe. Palikuwa na kiluwiluwi cha mnyoo wa mbwa. Ilisema, na nanukuu mstari wa mwisho, "Tafadhali wafahamishe wazazi kwa lugha watakayoielewa."

Langton aliniuliza kama hospitali wameandika chochote. Nilisema wameandika kwamba ulikuwa uvimbe na kwamba umetoka wote. Alinishukuru. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo kama tunavyofanya kwa mtu aliyetufaa.

Uvimbe usio na sababu, katika nyumba za kwetu, hutafutiwa sababu. Ukoo ulikwenda kwa mganga. Mganga akauliza ni nani aliyeleta kitu chenye uhai ndani ya boma. Wakasema shangazi, alileta mbwa. Mbwa yuko wapi? Amekufa. Aliitwa nani? Wakamtajia. Mganga akasema mtu anayefuga ugomvi mpaka kwenye jina la mbwa ana ugomvi moyoni, na mbwa alipokufa ugomvi ukahamia kwa mtoto. Mbwa alikuwa na makosa kweli, na walikuwa wamekaribia ukweli mno, ila wakamgeukia mtu asiyehusika.

Shangazi Keresiya alikanusha kwa sauti ile kubwa. "Mimi nimchezee mtoto niliyemfunga mgongoni? Langton, nitazame! Wewe mwenyewe nilikutafunia chakula!" Langton hakumtazama. Shangazi alipewa siku tatu za kuondoka. Siku ya tatu Langton ndiye aliyebeba mzigo wake hadi barabarani, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kuugusa. Shangazi alikwenda kuishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la tumbaku, miongoni mwa wageni, akafa huko 1996. Hakuna mtu wa damu yake aliyemtupia udongo.

Mwaka ule ule wa 1989 utafiti wangu ulichapishwa, na kanda za kumi na saba zilikuwa ukurasa wa pili. Nikapewa cheo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, niliandika kwamba namshukuru Langton Nyamukapa kwa msaada wake wa kiufundi.

Hakuacha kunitembelea nilipostaafu. Mwezi uliopita, tarehe 21 Agosti, alikuja na mkebe wa mahewu kama kawaida yake, akaketi kwenye kiti karibu na kitanda changu, akaanza kunisimulia kuhusu sherehe na jinsi Mama Shuvai anavyogombana na wapishi kuhusu idadi ya kuku. Nikamkatiza. Nikamwambia kuhusu namba kumi na saba, kuhusu tumbo, kuhusu barua. Nilimpa barua yenyewe. Aliisoma taratibu, kama anavyosoma ukanda, akirudi nyuma na kusonga mbele.

Neno la kwanza alilolisema lilikuwa, "Shangazi."

Kisha akaikunja barua, akaiweka juu ya mkebe.

"Mzigo wake nilibeba mimi," akasema. "Ulikuwa mwepesi. Nikafikiri, mchawi gani huyu asiye na kitu."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe, nami sina haki ya kumjazia.

"Andika," akasema. "Kwenye hicho kitabu cha sherehe. Ukoo wote watakuja, hata wale wazee waliokwenda kwa mganga, wawili bado wapo. Isomwe kabla ya chakula, wakiwa na njaa wanasikiliza. Shangazi asafishwe mbele yao."

"Nitaandika."

"Shuvai atataka barua."

"Ni yake."

Shuvai, kwa msiomfahamu, ni mwalimu wa darasa la tatu hapa mjini. Huwaambia wanafunzi wake kwamba jicho lake la kioo halisinzii, na wanamwamini, kwa hiyo darasa lake ndilo tulivu kuliko yote. Baba yake alimpelekea barua siku ile ile. Kesho yake aliniletea ujumbe kwa mdomo wa baba yake: "Mwambie Daktari, mimi nilimlilia shangazi nikapigwa, nikaambiwa namlilia mchawi."

Sasa niseme yanayostahili kusemwa mwishoni. Mzee Nyamukapa, maabara hii inakushukuru. Wanafunzi zaidi ya mia sita wamejifunza mikononi mwako kusoma damu, na wako leo kutoka Limpopo hadi Zambezi. Kanda zile za mwaka 1988 ni kazi ya mikono yako, na mkuu wa maabara amekubali kwamba jina lako litaandikwa la kwanza kila zitakapoonyeshwa tena. Upumzike vizuri, Soko. Ulale hadi jua likuchome miguu. Mahindi yako yakue kuliko ya jirani, Mama Shuvai aendelee kukunyima chumvi, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Na siku utakapokwenda kule kwenye kambi ya tumbaku kulitafuta kaburi la shangazi, udongo utakaoutupa upokelewe.

Ningeweza kuishia hapo. Wasifu ungekuwa umetimia, na shangazi angekuwa amesafishwa.

Lakini tarehe 21 Agosti, alipokuwa amekwisha simama kuondoka, Langton aligeuka mlangoni akiwa na swali moja.

"Ile kura, Daktari. Pale joshoni. Shuvai alitia mkono mwenyewe. Ilikuwa kura ya kweli?"

"Ya kweli," nikasema.

"Ikaangukia chaki."

"Ikaangukia chaki."

Alitikisa kichwa polepole. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa kitu. "Basi," akasema. "Hukuninong'oneza, hilo ni lako. Lakini kura ni kura. Haina mtu. Hilo naweza kulibeba." Akachukua mkebe wake akaenda.

Nimekaa na jibu langu kwa wiki nne. Nimelitazama kila upande nikiona kama naweza kufa nalo, kwa kuwa lilimpunguzia mzigo. Siwezi. Atakuwa amelipokea kutoka kwangu kama alivyopokea vidonge vile.

Kabla ya dozi ya kwanza, mbwa wawili wa kundi la chaki walipotea. Mmoja alipasuliwa na ngiri, na mwingine mwenyewe alihama naye kwenda migodini. Nilibaki na kumi upande mmoja na kumi na wawili upande wa pili, na nilihitaji mbwa ambaye hatakosa Alhamisi hata moja, atakayeletwa mvua inyeshe isinyeshe, na mtu mwaminifu ambaye haulizi mara mbili. Nilimjua mmoja tu.

Langton, kikaratasi alichonipa Shuvai kiliandikwa DAWA. Nilikisoma, nikakirarua, nikaandika kingine kwa mkono wangu.